Mwaka Nilipompelekea Mjomba Isale

Katika maisha yangu nimefanya ujinga wa aina nyingi, na karibu wote nimeufanya bila kuvuka uzio wa nyumbani, maana mimi ni mtu wa jikoni na kibarazani. Hata Bomang'ombe huwa naenda kwa kubembelezwa, na nikifika kitu cha kwanza ni kuulizia gari la kurudi. Lakini ujinga ulioshinda wote niliufanya siku nilipojitia kutoka. Nilikata jani la isale, nikalifunga fundo kama nilivyowaona watu wazima wakifunga, nikashuka nalo mpaka Kiboriloni kumpelekea Mjomba Deo, mtu aliyekuwa ametushtaki mahakamani na ambaye sisi hatukuwa tumemkosea hata kwa kumkanyaga kidole. Kwa msomaji asiye wa huku kwetu, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani, na ndilo jani analobeba mkosaji anapokwenda kuomba radhi. Ukimpelekea mtu isale hujasema "njoo tuzungumze," wala "tupunguze hasira." Umesema "nimekosa," basi, na umesema kwa sauti ambayo hata mababu wameisikia. Mimi, msomi wa kidato cha nne ambaye wino wa mtihani ulikuwa bado haujamtoka vidoleni, nilidhani isale ni kitu kama kadi ya Krismasi.

Desemba iliyopita ndiyo iliyonichokonoa mpaka nikaandika haya. Desemba huku mlimani si mwezi, ni mafuriko: magari yanapanda kutoka Dar, Arusha, Mwanza, kila mtu anarudi kula nyama kwao, na mimi nisiyekwenda popote naonekana mwenye akili kuliko wote, kwa kuwa wote wanakuja nilipo. Binti yangu Neema, ambaye ni wakili, alikuja na hukumu ya kesi aliyoshinda, akaisoma kibarazani kwa sauti huku mimi namenya ndizi. Iliandikwa kwa Kiswahili. Siku hizi lugha ya mahakama ni Kiswahili, ingawa Neema anasema bado wapo wanaong'ang'ania Kiingereza kama mtu anayelala na koti. Alisoma, na wazee waliokuwa wamekaa na mbege yao, pombe yetu ya ndizi, wakawa wanamkatiza hakimu kana kwamba yupo pale pale. "Hapo kasema kweli." "Hapo kamwonea yule wa ng'ombe." "Rudia hapo, mama, nilikuwa nameza." Sijawahi kuona watu wakibishana na hukumu kama wanavyobishana na mpira. Nikabeba beseni langu la ndizi nikaingia ndani, macho yamelowa. Neema akanifuata: "Mama, vipi, moshi?" Nikamwambia ndiyo, moshi. Jiko langu ni la gesi.

Mwaka ninaousema, jiko lilikuwa la kuni kweli, na lilikuwa la Mama Mkubwa Yulita, dada wa mama yangu, ambaye nilikuwa nakaa naye nikisubiri matokeo ya mtihani. Chumba kile nakiona hata sasa: mafiga matatu, dari nyeusi ya masizi inayong'aa kama imepakwa rangi, mkungu wa ndizi uliofunikwa kwenye pembe uive, na kiti kimoja tu chenye mgongo, ambacho hakuna aliyekikalia tangu Babu, baba yake Mama Mkubwa, alipofariki. Ulikuwa mwaka wa shida. Sabuni haikuonekana, tulifulia majani ya mpapai. Chai tulikunywa kwa kuuma kipande cha sukari guru, na mgeni akija Mama Mkubwa aliuma mbele yake kidogo sana ili naye aone aibu kuuma kikubwa. Lakini ndizi zilikuwepo, na maharage, na kila jioni alisonga kiburu, ule mchanganyiko wa ndizi na maharage, akasema, "Serikali inaweza kukosa sukari. Kihamba hakijawahi kukosa kitu." Kihamba ndilo shamba la nyumbani, la migomba na kahawa, lililoizunguka ile nyumba. Babu alikuwa amemwonyesha sehemu yake alipokuwa hai, akapanda masale kuizunguka, naye Mama Mkubwa akailima tangu aliporudi kutoka kwenye ndoa ambayo hakuwahi kuisimulia. Mtoto wa kiume Babu hakujaliwa.

Tarishi wa mahakama alitukuta tunakula. Alikataa kukaa, akakubali kiburu, akala amesimama, kisha akatoa karatasi kana kwamba ndiyo anayolipia chakula. Mjomba Deo, mtoto wa mdogo wake Babu, mwenye duka Kiboriloni, alikuwa amefungua kesi ya kudai kihamba chote. Nikaisoma kwa sauti. Hakusema kuwa Mama Mkubwa ni mwizi wala mvivu. Alisema kitu kimoja tu, kwamba kwa mila za Wachaga kama zilivyoandikwa, mwanamke harithi ardhi ya ukoo, hivyo ardhi irudi kwa mwanamume wa karibu, na mwanamume huyo ni yeye. Mama Mkubwa aliendelea kutafuna. "Kama zilivyoandikwa," akasema. "Na nani?" Tarishi akasema ni sheria, mama, tangu wakati wa Mwingereza mila zilikusanywa zikawekwa kitabuni, na baada ya Uhuru vitabu havikutupwa. "Kwa hiyo bendera ilishuka," akasema Mama Mkubwa, "lakini kitabu kilibaki mezani." Tarishi akasema hilo haliko kwenye mamlaka yake, akaomba maji ya kunawa.

Sikulala vizuri wiki ile, na hapo ndipo nilipopata wazo langu la kadi ya Krismasi. Mimi naogopa mambo mawili, safari na ugomvi, na kesi ilikuwa na yote mawili. Nikajiambia: mtu akipelekewa isale hana budi kusamehe, hilo nililijua, kila mtoto wa huku analijua; sasa Mjomba akisamehe, kesi imekwisha, na mimi nitabaki nyumbani nimenye ndizi zangu. Nilisahau nusu ya kwanza, kwamba anayesamehewa ni lazima awe amekosa. Nikashuka. Mjomba Deo nilimkuta dukani, katikati ya rafu zilizokuwa na viberiti, chumvi na hewa. "Shikamoo Mjomba." "Marahaba, mwanangu." Alipoona kilichomo mikononi mwangu alisimama, akafuta viganja kwenye suruali, akalipokea kwa mikono miwili. Akaniita ndani, mkewe akaniletea chai ya maziwa, yenye sukari, na mkate! Nilikunywa vikombe viwili. "Umelelewa vizuri," akaniambia. "Mwambie dada yangu nimelipokea." Nilipanda mlima nikiimba.

Mama Mkubwa alikuwa anakoroga sufuria. Nilipomaliza kumweleza, mwiko ulisimama peke yake ndani ya uji. "Fela. Umempelekea nini?" Nikarudia. "Kwa niaba ya nani?" Nikasema kwa niaba yetu. Akakaa kwenye kile kiti cha Babu, kwa mara ya kwanza, nafikiri kwa sababu kilikuwa karibu. "Mwanangu," akasema taratibu, "umekwenda kukiri kwa niaba yangu kosa ambalo hata mimi mwenyewe silijui." Jirani yetu, Mama Sifa, aliyekuwa ameingia kuomba kaa la moto na kwa hiyo akasikia yote, akatazama miguu yangu yenye vumbi la Kiboriloni. Mama Sifa alikuwa anaishi ng'ambo ya mfongo, mfereji wetu wa maji, na katika maisha yake hakuwahi kuonja neno kabla ya kulitoa. "Huyu elimu yake," akasema, "imefika ya kuharibu. Ya kutengeneza nasikia iko kidato cha tano." Halafu akachukua kaa lake akaenda. Baada ya muda habari zikatufikia kutoka chini kwamba Mjomba amelikausha lile jani vizuri ndani ya gazeti na amesema atalitoa mahakamani, kama ushahidi wa kukiri. Hapo ndipo nilipoelewa ile chai ilikuwa ya bei gani.

Watu wengine wangenifukuza. Mama Mkubwa alinichukua mjini kununua kitambaa. Alisema kama tunakwenda kunyang'anywa, hatutanyang'anywa tukiwa tumechakaa. Tukaingia kwa Mzee Mohanlal, Mhindu aliyekuwa na duka la vitambaa tangu enzi ambazo vitambaa vilikuwepo, na ambaye bado alikuwa na kitu chini ya meza kwa wateja wa zamani. "Mama, harusi?" "Korti. Wanataka kunitoa nyumbani kwa baba." "Ah. Basi achana na maua maua," akasema, akatoa kipande cha buluu iliyokolea. Akawa anapima kwa mkono, anazungumza bila kututazama. "Watu wanafikiri sheria za hapa zilitoka Uingereza moja kwa moja. Nyingi zilipita kwetu India kwanza, mama. Zilishonwa kwa kipimo cha babu yangu, zikambana kwapani, wakazikunja wakazileta huku." Mama Mkubwa akamuuliza, "Na sisi zinatubana wapi?" Mzee Mohanlal akapiga mkasi wake hewani, akacheka. "Wewe umeshtakiwa kwa kubaki nyumbani kwa baba yako, halafu unaniuliza mimi?" Alitukatia kipande kirefu kidogo kuliko tulichoomba. Njiani kurudi Mama Mkubwa akasema, akijisemea, "Nilikuwepo." Nikamuuliza wapi. "Siku ile walipoandika. Nilikuwepo, Fela. Nilikuwa nimebeba mbege." Zaidi ya hapo hakuniambia, na mimi baada ya mambo ya isale sikuwa na haki ya kuuliza maswali.

Mahakama ya Mwanzo ilikuwa jengo la mawe lenye bati jekundu, lililojengwa wakati wa wakoloni kwa ajili ya baraza la Mangi, yaani chifu. Mangi aliondolewa, jukwaa lake likabaki, na juu ya jukwaa ndipo alipokaa hakimu, kijana mwembamba wa kutoka Tabora aliyekuwa anasikia baridi yetu mpaka kwenye sauti. Kulia na kushoto kwake walikaa wazee wa baraza wawili, ambao kazi yao ilikuwa kumsaidia hakimu mambo ya mila na kupiga kura naye: Mzee Ndesario, aliyesinzia kwa heshima, na Mwalimu Anjelina, mama mnene mkimya aliyewahi kuwafundisha nusu ya watu waliokuwa ukumbini, Mjomba Deo akiwemo. Mtu akapiga kelele "Kooorti!" tukasimama, tukainamisha vichwa kwa namna ambayo hakuna Mchaga anayemwinamia mtu, tukakaa. Hata vile viti vya wazee ni ufundi wa Mwingereza. Alitaka kutawala kwa mila zetu bila kujisumbua kuzijua, akaweka wenyeji pembeni wamnong'oneze. Nimelifikiria sana hili katika miaka yangu ya kukaa kibarazani. Mkono uliotufungia mila kitabuni ndio huo huo uliosahau viti viwili ndani ya ukumbi, na kiti kikishakuwepo, huwezi kujua nani atakuja kukikalia.

Mjomba alizungumza vizuri, na suti yake ilizungumza vizuri zaidi. Alitaja kile kitabu kama padre anavyotaja Injili. Mama Sifa akaitwa kuwa shahidi wetu, akaapa, akasema: "Nilikuwa nachota maji mfongoni. Mzee alimzungusha Yulita mpakani, akapanda masale kwa mkono wake. Baba yake Deo ndiye aliyekuwa anamshikia jembe." Mjomba akamuuliza kama anajua kusoma. "Sijui," akasema Mama Sifa. "Lakini baba yako naye alikuwa hajui, na jembe alishika." Watu wakacheka, hakimu akaomba utulivu, na Mzee Ndesario akaamka.

Ndipo Mama Mkubwa aliposimama katika kitambaa chake cha buluu. Hakimu alikuwa anaandika kila neno kwa mkono, kwa hiyo alimwambia, "Mama, sema polepole, nikiinua kalamu ndipo uendelee." Naye akafanya hivyo hivyo. Alisema sentensi, akanyamaza, akaitazama kalamu, ilipoinuka akasema nyingine, na ukumbi mzima ukawa unapumua kwa mwendo wa ile kalamu. Alisema alikuwa msichana mdogo. Mangi aliita wazee kwenye jengo hili hili kwa sababu Mzungu alikuja kuuliza mila. Wasichana walitakiwa kuleta mbege na ndizi za kuchoma. Mzungu aliuliza, mkalimani akatafsiri, wazee wakajibu, na wazee, Mheshimiwa unawajua, hawajibu neno moja. Likaja swali la binti kurithi. Mzee mmoja akasimama akasema: binti harithi, lakini baba yake akimwonyesha mahali angali hai, akampandia masale, mbele ya ndugu, hapo ni pake, na anayemtoa hapo amelaaniwa. "Alisema yote hayo?" akauliza hakimu. "Yote, na mengine. Mvua ilikuwa inakuja kutoka juu, tunaisikia kwenye migomba. Mkalimani akasema 'Harithi.' Mzungu akaandika, akafunga kitabu, wakakimbilia gari." Akanyamaza, kalamu ikaandika, ikainuka. "Kwa hiyo mila yetu iliyoandikwa, Mheshimiwa, ni nusu. Nusu nyingine ilinyeshewa." Hapo hakuna aliyecheka. Akaendelea: "Na sisi tuliokuwa tunajua hiyo nusu hatukuulizwa, tulikuwa tunawapikia waliokuwa wanaulizwa. Wewe angalau unaniambia ningoje uandike. Yule aliandika kabla hatujamaliza kusema."

Nilitamani yaishie pale, lakini Mjomba alisimama na gazeti lake. Akalifungua taratibu kama mtu anayefungua kifurushi cha nyama, akatoa lile jani langu, kavu, fundo likiwa bado limekaza. "Naomba lipokelewe kuwa kielelezo," akasema. "Mdaiwa alimtuma binti huyu aniletee isale. Amekiri kuwa amenikosea. Mwenye haki haombi radhi." Macho yote yakanigeukia. Kama pale ukumbini kungekuwa na pipa ningeingia. Hakimu wa Tabora akalishika lile jani kwa vidole viwili. "Mimi si wa huku," akasema, "wazee nisaidieni. Hili ni jani la nini?" Mzee Ndesario akamweleza, na hakimu akaandika, na kadiri alivyoandika ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa mzito, na mimi nikaona migomba yetu inahama moja moja kwenda kwa Mjomba. Aliponyanyua kalamu, Mwalimu Anjelina, ambaye siku nzima alikuwa hajatoa neno, akavua miwani.

"Deogratias."

"Naam, Mwalimu," akajibu Mjomba, na miguu ikajipanga yenyewe kama ya mtoto wa darasa la pili.

"Ulilipokea hili isale?"

"Nililipokea, Mwalimu."

"Kwa mkono mmoja?"

"Kwa miwili," akasema kwa fahari. "Mimi ni mtu wa mila."

"Na huyu mtoto alipolileta, ulimpa chochote?"

"Chai. Ya maziwa. Na mkate."

"Na sukari?" akaongeza Mzee Ndesario, aliyekuwa sasa macho kabisa.

"Na sukari."

Ukumbi ukaguna, maana mwaka ule sukari ilikuwa sukari. Mwalimu Anjelina akamgeukia hakimu. "Andika basi, Mheshimiwa. Anayepokea isale kwa mikono miwili, akamlisha aliyelileta, amesamehe. Shauri limekufa siku hiyo hiyo, liwe dogo liwe kubwa. Mimi ni mzee sasa, na sijawahi kuona wala kusikia mtu aliyepokea isale, akanywesha chai, halafu akalikausha akalipeleka kortini. Kama Yulita alikosa, huyu alisamehe. Kama hakukosa, huyu hakuwa na kesi. Achague."

Mjomba akanyoosha kidole juu kama mwanafunzi. "Lakini mambo hayo ya chai," akasema, "hayamo kitabuni!"

"Ndiyo maana," akasema Mzee Ndesario kwa upole, "sisi tumewekwa hapa."

Kelele zilizolipuka zilimfanya hakimu agonge meza mpaka kalamu ikaruka. Mimi nilipiga kofi moja peke yangu, kwa kuchelewa, baada ya wote kunyamaza, na askari akaninyooshea kidole. Sijali. Kura zote tatu zilikuwa zetu. Hakimu aliandika kwamba Babu alimpa Mama Mkubwa kihamba angali hai kwa njia ambayo watu wa hapa wanaitambua, na kwamba mdai mwenyewe kwa mikono yake miwili alikuwa ameshamaliza ugomvi. Ujinga wangu, mabibi na mabwana, uliingia kwenye kumbukumbu za mahakama kama nguzo ya hukumu. Tangu siku hiyo nimeshindwa kujuta ipasavyo.

Mjomba alikata rufaa, na kama kawaida rufaa ilishuka mlima kwenda mjini, Mahakama ya Wilaya, ambako sheria ilikuwa inavaa viatu. Huko alikuwa na wakili. Na huko ndiko nilikoona kioja ambacho wasomi wanakiandikia vitabu, nami nitakisema kwa maneno ya jikoni. Siku ya hukumu hakimu aliingia, akasalimiana na karani kwa Kiswahili, akalalamikia vumbi kwa Kiswahili, akamwuliza Mama Mkubwa kwa Kiswahili kama kule juu mvua zimeanza. Halafu akafungua karatasi zake akaanza kusoma Kiingereza, na sote tukafa ganzi. Hakimu alikuwa Mswahili, karani Mswahili, wakili, Mjomba, mimi, hata yule mjusi ukutani. Ndani ya chumba kile sheria peke yake ndiyo ilikuwa haijui Kiswahili, na kwa kuwa ndiye mgeni, sote tukamheshimu. Mama Mkubwa akaniegemea: "Msomi, anasemaje?" Nilikuwa nakamata maneno kama mtu anayekamata kuku wa jirani, moja moja na kwa wasiwasi. Ardhi. Mila. Baba. Mjomba alikuwa anaitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi kama anayeelewa, mpaka nikaanza kulia, nikijua ameshinda. Tukasimama, tukainama, hakimu akatoka, na tukabaki pande mbili tunatazamana, hakuna hata mmoja anayejua kihamba ni cha nani. Ni wakili tu aliyekuwa anafunga mkoba wake haraka kuliko ilivyo kawaida ya mshindi.

Karani akatufuata kwenye korido. Alikuwa mtu mzima, mwenye haraka ya chakula cha mchana. "Mama, mbona umesimama? Rufaa imetupwa. Hakimu anasema kitabu cha mila ni shahidi, na shahidi anaweza kuhojiwa. Rudi nyumbani kwako."

"Kwa nani?" akauliza Mama Mkubwa.

"Kwako."

"Sema tena, mwanangu, nilikuwa sijaanza kusikia."

"Kwako, mama! Kwako!"

Nimesikia vigelegele vingi, vya harusi, vya ubatizo, vya kura. Sijasikia kama kile alichokipiga mwanamke yule kwenye korido ya serikali, amevaa buluu, mkono mmoja ukutani kama anayeishika nyumba isianguke. Askari alikuja mbio, akamtazama, akarudi zake. Mjomba Deo alikuwa amekaa kwenye benchi na kofia magotini, mdogo kuliko suti yake. Mama Mkubwa alipomfikia, akasimama. Nilidhani atamtemea maneno. Alikuwa nayo, nilikuwa nimemsikia akiyafanyia mazoezi jikoni mwaka mzima. "Deo," akasema, "Jumapili baada ya misa napika mtori. Njoo na mkeo. Na mje na sukari, maana nasikia kwenu ipo." Mjomba alicheka bila kutaka, akafuta macho kwa kofia. Jumapili ile alikuja kweli, akala mabakuli mawili ya ile supu ya ndizi, akasifu nyama. Mpaka alipokufa hakuna aliyemsikia akitaja kitabu tena.

Habari zilitutangulia kupanda. Tulipofika kanisani akina mama wa jumuiya walikuwa wameshajipanga barabarani na matawi, wakatupokea kwa wimbo wa Pasaka ingawa Pasaka ilikuwa mbali, na Mama Mkubwa akatembea katikati yao polepole, bi harusi wa ardhi yake mwenyewe. Tulikwenda hivyo mpaka mpakani, mimi nimebeba viatu vyake, watoto wanaruka, sauti zinajibizana na bonde. Mama Sifa hakuwa ameimba. Alikuwa amesimama ng'ambo ya mfongo ameegemea jembe, anaukagua msafara wetu kama mtu anayekagua mahindi yenye fangasi. Wimbo ulipokatika, akampungia Mama Mkubwa mkono, akasema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma ya msafara:

"Hongera, Yulita. Ila mwaka mzima umeshinda kortini na kahawa yako imemezwa na magugu. Ningekuwa mimi ndiye hakimu, hicho kihamba ningewapa mbuzi wangu, maana ndio peke yao waliokihangaikia."